Nauli ya Kivuko: Vijana Wetu na Nafasi za Utafiti wa Uzamivu

Hotuba iliyotolewa na mwanachama mwenzetu, mtafiti wa vimelea vya malaria, katika mkutano mkuu wa mwaka wa wananchi wa Kilombero, Ulanga na Malinyi waishio Dar es Salaam

  

Mwenyekiti amenipa dakika ishirini niseme kuhusu masomo ya juu nje ya nchi. Nimemwomba ruhusa nibadilishe kichwa cha habari, naye kwa wema wake amekubali. Sitazungumzia masomo. Nitazungumzia ajira.

Nasema hivyo kwa sababu kila nikija nyumbani naulizwa swali lilelile: "Wewe baba, bado unasoma tu?" Mjomba wangu mmoja, akisikia naitwa Dokta, alikunja suruali akaniletea goti lake nilitazame. Nilimwambia, mjomba, mimi ni daktari wa vimelea, goti lako lipeleke St. Francis. Akanitazama kwa huruma, kama mtu aliyetupa ada ya watu. Hawa wawili, aliyeuliza na mjomba, hawana kosa. Hakuna aliyewahi kukaa nao akawaeleza kazi hii ni kazi gani. Na kwa kuwa hatujaeleza, watoto wetu wenye vichwa vizuri vya biolojia wanapita mbele ya mlango ulio wazi wakidhani umefungwa.

UZAMIVU SI DARASA

Shahada ya kwanza mnaijua. Mtoto anakwenda chuo, anakaa darasani miaka mitatu, analipa ada au anapata mkopo wa serikali. Uzamili nao una darasa na una ada. Shahada ya uzamivu, ile tunayoiita PhD, katika biolojia na utafiti wa tiba ni jambo la namna nyingine. Unapewa swali ambalo jibu lake halimo katika kitabu chochote duniani, na unapewa miaka mitatu, minne au zaidi ulitafute.

Nitoe mfano wa kwetu. Bondeni kuna mbu wa aina nyingi wanaotuuma. Watafiti wa Ifakara wamegundua kwamba sehemu kubwa ya maambukizi ya malaria katika vijiji vyetu inaletwa na mbu aitwaye Anopheles funestus, ingawa kwa idadi mara nyingi si yeye anayeongoza. Sasa unajiuliza: huyu anazaliana kwenye maji ya namna gani? Kwa nini dawa ya chandarua haimwui kama zamani? Swali kama hilo, likipunguzwa likawa la ukubwa wa mtu mmoja, ndilo PhD. Mwenye swali hilo anaamka alfajiri, anakwenda kwenye madimbwi, anarudi maabara, anachambua vinasaba, anapiga hesabu, anakosea, anarudia. Mwishoni anaandika tasnifu na makala za kisayansi, na wataalamu wanamhoji mpaka jasho limtoke.

Hiyo ni kazi, na mwenye kuifanya analipwa. Kiongozi wa maabara huomba ruzuku ya utafiti, na ndani ya bajeti ya ruzuku hiyo, pamoja na dawa za maabara na hadubini, kunakuwa na mshahara wa kijana wa uzamivu. Pesa ya kumlipa mara nyingi imeshapatikana kabla hata hajatafutwa. Kinachotafutwa ni mtu.

Nchi hazifanani, na mzazi ni vizuri ajue tofauti. Uholanzi, Sweden, Norway na Denmark, kijana wa uzamivu kwa kawaida ni mwajiriwa kamili: ana mkataba, ana likizo, anakatwa kodi na anachangia pensheni. Uholanzi na Sweden mkataba wa kawaida ni miaka minne. Uswisi naye analipwa mshahara. Ujerumani mshahara upo, lakini katika biolojia mara nyingi mkataba unaandikwa asilimia 65 ya ajira kamili, huku kazi yenyewe ikiwa ya siku nzima. Uingereza inategemea ufadhili: upo unaolipa ada na posho, na upo usiofika kulipa ada ya mgeni, ambayo ni kubwa mno. Huko lazima usome kila mstari kabla ya kushangilia.

Marekani inachukua miaka mitano hadi sita, na ina jambo moja zuri kwa watoto wetu: unaweza kuingia uzamivu moja kwa moja kutoka shahada ya kwanza, wakati vyuo vingi vya Ulaya vinataka uzamili kwanza. Mwaka wa kwanza unazunguka maabara mbili tatu, unaonja kazi ya kila moja, kisha unachagua msimamizi. Katika programu za tiba na biolojia chuo kinakusamehe ada na kinakupa posho. Mwaka 2024 Taasisi za Taifa za Afya za Marekani, NIH, ziliweka kiwango cha posho ya mwanafunzi wa uzamivu kuwa dola 28,224 kwa mwaka, na vyuo vingi huongezea juu yake. Usiibadili hiyo kwa shilingi ukaanza kupanga harusi. Kodi ya chumba peke yake inaweza kumeza nusu. Lakini mtu mmoja mwenye adabu ya matumizi anaishi.

Hapa nyumbani hali ni tofauti. Vyuo vyetu hutoza ada ya uzamivu, na njia salama ni kuingia kupitia mradi wenye ruzuku inayolipa ada, posho na gharama za utafiti. Miradi ya namna hiyo ipo: katika taasisi yetu ya Ifakara, katika vituo vya NIMR, Muhimbili, Sokoine pale Morogoro, Nelson Mandela kule Arusha. Na kwa jirani zetu ipo Kilifi, Kenya, ambako kituo cha KEMRI na Wellcome kimekuwa kikilea watafiti vijana tangu mwaka 1989.

Kwa hiyo, wazee wangu, naomba mwondoke hapa na jambo moja kichwani. Mtu akija kuwaambia mtoto wenu amepata nafasi ya PhD ya biolojia Ulaya, na familia itafute milioni arobaini za mwaka wa kwanza, msiuze shamba. Na akija wakala anayetaka pesa ya "kushika nafasi", mwonyesheni njia ya kutokea. Mwajiri wa kweli hakutozi pesa ili akuajiri. Vyuo vya Marekani hutoza ada ya kushughulikia maombi, hiyo ni halali, nayo inalipwa kwa chuo chenyewe, si kwa mtu, na vyuo vingi humsamehe mwombaji akieleza hali yake.

SISI NI WATU WA UTAFITI TANGU ZAMANI

Kuna watakaosema haya ni mambo ya watu wa mijini, bonde letu na maabara wapi na wapi. Ndugu zangu, pengine hakuna bonde katika nchi hii lililojua maabara mapema na kwa ukaribu kama letu. Profesa Rudolf Geigy wa Basel alianzisha maabara pale Ifakara mwaka 1956. Maabara ile ikakua, ikawa taasisi ya Kitanzania, na leo ni Taasisi ya Afya Ifakara, yenye matawi mpaka Bagamoyo na Dar es Salaam.

Kijiji cha Idete, mwanzoni mwa miaka ya 1990, ndicho kilichotoa watoto 586 wa umri wa mwaka mmoja hadi mitano kwa majaribio ya chanjo ya malaria iliyoitwa SPf66. Matokeo yalichapishwa mwaka 1994: ilionekana kupunguza ugonjwa kwa asilimia 31. Baadaye majaribio ya Gambia na Thailand hayakuona kinga, na chanjo ile ikaachwa. Lakini utaratibu wa kufanya jaribio la chanjo kwa usahihi katika kijiji cha Afrika, Idete ilikuwa miongoni mwa shule zake. Ilipofika zamu ya chanjo ya RTS,S, Bagamoyo na Korogwe zilikuwa kati ya vituo 11 vya nchi saba za Afrika, na mwezi Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza itumike kwa watoto.

Halafu kuna Zuia Mbu. Waliokuwa Kilombero na Ulanga mwishoni mwa miaka ya 1990 wanavikumbuka vile vyandarua na dawa yake. Tulivinunua madukani kwa bei nafuu, tukavitundika, hatukujua kwamba tunahesabiwa. Mwaka 2001 matokeo yakatoka katika jarida kubwa la tiba: kwa watoto wa mwezi mmoja hadi miaka minne, vyandarua vile viliambatana na ongezeko la asilimia 27 la kunusurika. Matokeo ya bonde letu yalisaidia kulifanya taifa, na nchi nyingine, kuamini vyandarua.

Basi mchango wetu katika sayansi hii ni wa damu, kwa maana halisi ya neno. Wazazi wetu wametoboa vidole. Vijana wetu wamekaa usiku kucha suruali zimekunjwa, wakikamata mbu waliotua kwenye miguu yao wenyewe. Sisemi hayo kwa kulalamika. Tumefaidika na tumewafaidisha wengine. Ninachouliza ni hiki: watoto wangapi wa Idete, wa Lupiro, wa Mlimba, wa Minepa, wamekaa kwenye kiti cha anayeuliza swali? Kila mmoja hapa aanze kuwahesabu kwa vidole wale anaowajua. Mimi nimejaribu, na vidole vilibaki.

Na anayeuliza swali ana uzito wake. Mtu aliyekulia kwetu anajua kwamba msimu wa mpunga nyumba ya kijijini inabaki na bibi, familia inahamia shambani miezi kadhaa, inalala kwenye kibanda cha miti kilicho wazi pande zote, mbali na zahanati, na chandarua kimoja kinalaliwa na watu watano au hakipo kabisa. Watafiti wamelichunguza jambo hilo. Lakini mtoto wa bonde halazimiki kuligundua, amezaliwa nalo. Akiwa ndiye mwenye ruzuku, atalianzia palepale ambapo mgeni anafika baada ya miaka miwili.

VIJANA WANAKWAMIA WAPI

Nimekuwa nikisaidia vijana wa kwetu kuandika maombi kwa miaka kadhaa sasa. Nimeona wanakwama mahali patatu.

Mahali pa kwanza ni mikono. Kiongozi wa maabara akisoma wasifu wa kijana haangalii alama peke yake. Anatafuta ushahidi kwamba kijana huyu ameshika pipeti, ameendesha jaribio, limeharibika, na amekaa akatafuta kwa nini. Vijana wetu wengi wanamaliza shahada ya kwanza wakiwa wamefanya vitendo katika kundi la watu thelathini, mmoja anafanya, wengine wanaandika. Miezi sita ya kujitolea katika maabara ya utafiti inabadilisha kila kitu. Lakini kijana wa Malinyi hawezi kujitolea Bagamoyo miezi sita kama hana pa kulala wala cha kula. Anayeweza ni yule ambaye shangazi yake ana nyumba huko. Kwa hiyo wanaochujwa wanachujwa kabla ya mtu yeyote kuona akili zao.

Mahali pa pili ni barua. Kijana anaandika barua pepe moja, anaituma kwa maprofesa mia moja: "Mheshimiwa Profesa, naomba nafasi yoyote." Hakuna anayejibu. Barua inayojibiwa ni fupi, ya ukurasa mmoja au chini yake, kwa mtu mmoja, ambaye kijana amesoma makala zake mbili na ana jambo la kusema juu yake. Inaeleza mimi nimefanya nini kwa mikono yangu, na kwa nini swali lako linanihusu. Inahitaji pia watu wawili au watatu wa kumpendekeza, waliomwona akifanya kazi. Barua ya mtu mkubwa asiyemjua haimsaidii. Na inahitaji kujua kalenda. Programu nyingi za Marekani hufunga maombi mwanzoni mwa Desemba kwa ajili ya kuanza Agosti au Septemba inayofuata. Ulaya nafasi nyingi hutangazwa mwaka mzima, na ule mtandao wa uzamivu wa Umoja wa Ulaya unaobeba jina la Marie Skłodowska-Curie unapokea watu wa taifa lolote, kwa sharti kwamba hukukaa katika nchi unayoomba zaidi ya miezi 12 kati ya 36 iliyopita. Hilo ni sharti ambalo kijana anayeishi Ifakara analitimiza bila jasho.

Mahali pa tatu ndipo panaponiumiza. Mnakumbuka kabla ya daraja, pale mtoni. Mtu ametoka Mahenge na mzigo wake wa kuuza, soko liko ng'ambo, mnunuzi anamsubiri, kivuko hiki hapa. Hana nauli. Mzigo una thamani mara elfu ya nauli, lakini bila nauli hautavuka.

Binti mmoja wa Mlimba, sitamtaja jina, alishinda nafasi ya uzamivu katika nchi moja ya Ulaya. Mshahara wa miaka minne. Usaili alifanya kwa simu, amesimama chini ya mwembe mahali mtandao unapofika, na aliwashinda waombaji wa nchi nyingine. Ilibaki hati ya kusafiria, cheti cha mtihani wa Kiingereza, viza, tiketi, na pesa ya kuanzia chumba. Mwajiri alisema atamrudishia tiketi akishafika. Familia ikauza mpunga, lakini ulikuwa mwezi ambao mpunga hauna bei. Walipofikisha nusu, tarehe ya kuanza ilikuwa imepita mara mbili. Barua ikaja, ya heshima kabisa, kwamba nafasi amepewa aliyemfuatia. Leo binti yule anafundisha kwa muda katika shule ya watu binafsi. Anafundisha vizuri, na sidharau kazi hiyo. Lakini mshahara wa miaka minne ulipotea kwa kukosa pesa ambayo angeirudisha ndani ya mwaka wa kwanza.

Nilifanya hesabu ya nauli hiyo. Hati ya kusafiria shilingi 150,000. Mtihani wa Kiingereza zaidi ya dola 200. Viza ya muda mrefu ya Ujerumani, kwa mfano, euro 75. Kwa anayekwenda Marekani na viza ya mwanafunzi zilikuwa dola 185 za viza na dola 350 za kusajiliwa katika mfumo wa wanafunzi wageni. Tiketi ya kwenda. Kisha kile ambacho wengi hawakijui: mshahara wa kwanza unaingia mwisho wa mwezi, ilhali mwenye nyumba anataka amana na kodi siku unayofika. Ukijumlisha yote, kijana anahitaji kama shilingi milioni saba mkononi. Kwa ukoo mmoja wa wakulima ni mlima. Kwa ukumbi huu ni jioni moja.

BAADA YA UZAMIVU

Sasa nisiwadanganye kwamba mtu akishapata PhD amefika. Baada yake kuna ngazi ya utafiti wa baada ya uzamivu, ndiyo ngazi niliyopo mimi. Ni mkataba wa miaka miwili au mitatu, katika maabara ya mtu mwingine, unajenga jina lako mpaka uweze kuomba ruzuku yako mwenyewe. Unalipwa vizuri zaidi: kiwango cha NIH cha mwaka 2024 kwa anayeanza kilikuwa dola 61,008 kwa mwaka. Lakini ni kibarua cha msimu, hata kama kibarua mwenyewe anaitwa Dokta. Mkataba ukiisha unatafuta mwingine, mara nyingi katika nchi nyingine, na watoto wanahama shule. Nafasi za kudumu ni chache kuliko wanaozitafuta. Wazazi wajue hivyo, wasije wakamwona mtoto hana msimamo.

Hapo ndipo linapokuja swali ambalo mzee mmoja wa kamati aliniuliza kwa simu kabla ya mkutano huu, na nampongeza kwa kulisema wazi: "Tumchangie mtu akaneemeke Ulaya, asirudi, sisi tunapata nini?"

Mzee wangu, ni swali la haki. Nalijibu kwa sehemu mbili. Kwanza, kurudi kunahitaji mahali pa kurudia. Mtafiti asiye na ruzuku akirudi atakaa ofisini anatazama ukuta. Zipo ruzuku zilizotengenezwa kwa ajili hiyo: mpango wa EDCTP kati ya Ulaya na Afrika, uliopo tangu 2003, hutoa ufadhili kwa watafiti wanaofanya kazi katika taasisi za Afrika; NIH ya Marekani imekuwa na tuzo yake, K43, kwa watafiti chipukizi wa nchi za kipato cha chini na cha kati wenye nafasi katika taasisi za kwao. Anayezipata anarudi na mshahara, vifaa, na nafasi za kuajiri vijana wengine wawili watatu. Lakini bila uzamivu ni vigumu kuzipata. Kila anayevuka leo ni mwenye uwezo wa kuvusha wengine kesho.

Pili, sikuombeni sadaka. Naomba mkopo. Na mkopo unarudi, hata mkopaji akibaki huko.

NINACHOOMBA CHAMA KIAMUE

Pendekezo langu lina sehemu mbili, na kamati ya utendaji imeshalipitia.

La kwanza, posho ya mikono. Kila mwaka vijana wanne waliomaliza shahada ya kwanza katika biolojia, maabara ya tiba, famasia, mifugo au fani zinazofanana wapewe shilingi 300,000 kwa mwezi kwa miezi sita, ili wakae katika maabara ya utafiti itakayokubali kuwapokea. Hiyo ni shilingi milioni 1.8 kwa kijana, milioni 7.2 kwa wanne. Hii hairudishwi. Wawili kati ya wanne wawe mabinti.

La pili, nauli ya kivuko. Kila mwaka vijana wawili wenye barua rasmi ya nafasi ya uzamivu inayolipwa wakopeshwe hadi shilingi milioni saba kila mmoja, bila riba. Barua ihakikiwe na sisi tulio katika kazi hii kabla ya senti kutoka, na tiketi ilipwe moja kwa moja kwa shirika la ndege. Kijana ataanza kurudisha mwezi wa nne baada ya kuanza kazi, chini kidogo ya shilingi 300,000 kwa mwezi, kwa miezi 24. Wadhamini wake wawe wanachama wawili wa chama hiki. Wakirudisha wote kwa wakati, wale wawili wa mwanzo ndio watakaowavusha wawili wengine wa baadaye.

Jumla kwa mwaka wa kwanza ni shilingi milioni 21.2. Kapu hili liwe na kitabu chake na lisiguse mfuko wa madawati wala wa zahanati. Nasisitiza hilo, maana najua shule zetu za sekondari bado zina vyumba vinavyoitwa maabara ambavyo ndani yake kuna meza tu. Hivyo ni lazima vijazwe. Lakini mwalimu atakayevijaza kwa maarifa, na binti wa kidato cha pili atakayeona kwamba biolojia inampeleka mtu mahali, wanatokana na hawa wachache wanaovuka.

Kuna na ombi la tatu, lisilo la pesa. Kijana akipata nafasi, ndugu tumpe mwaka mmoja wa kupumua. Mshahara wa uzamivu umekadiriwa kwa mtu mmoja. Akianza kutumiwa orodha ya ada za binamu kumi wiki ya pili, atatafuta kibarua cha usiku, jaribio litaharibika, na mkataba hautaongezwa. Mtaka cha uvunguni sharti ainame. Nasi tumwache ainame.

Na ninyi vijana mliosimama nyuma: tutakaa meza ile ya kushoto baada ya chakula, mimi na wenzangu wawili, mmoja wa vinasaba vya mpunga na mmoja wa kifua kikuu. Leteni wasifu wenu hata kama ni nusu ukurasa. Tutausoma pamoja, tutaukata, tutaujenga. Kazi hiyo hatutaki malipo, na tutaendelea nayo kwa barua pepe mwaka mzima.

Wanachama wenzangu, fomu za ahadi ziko kwa mweka hazina. Zina visanduku viwili, posho na nauli. Chagueni kimoja au vyote. Mimi nimejaza yangu ya milioni mbili kabla ya kupanda hapa, ili nisije nikawahubiria maji huku nikinywa mvinyo. Asiyeweza milioni atoe elfu kumi, na jina lake litasomwa vilevile.